Makombo ya Sunim

Hospitalini, 2 Juni 2015

Wifi yangu Hyegak,

Najua napaswa kukuita Sunim, kama watu wote wanavyowaita watawa, tena kwa kuinamisha kichwa. Lakini mimi nilikusuka nywele zako kabla hujazinyoa, kwa hiyo kwenye barua niachie nikuite wifi. Simu zenu zimefungiwa kabatini mpaka mwisho wa kiangazi, basi nimerudia kalamu kama mwanafunzi.

Baba hajambo nyonga. Madaktari wameiunga vizuri, na asingeanguka kwenye nyumba ya kuogea saa hizi angekuwa anacheza karata na wenzake. Kinachomsumbua sasa si nyonga. Tangu Jumapili ana homa, na anakohoa kikohozi kikavu kinachomkunja mwili mzima. Wewe uliondoka Alhamisi ukamwacha anacheka. Ungemwona leo usingemjua.

Nikueleze chumba hiki, maana wewe ulikaa mchana mmoja tu na ulikuwa umefumba macho ukisali. Vitanda sita. Chini ya kila kitanda kibenchi, na juu ya kila kibenchi mke wa mtu au mama wa mtu, analala humo humo, anakula humo humo, anapumua pumzi za wote. Mke wa mtoto wa kwanza ndiye mwenye kibenchi, hilo halijadiliwi katika ukoo wa Tak. Friji ni moja kwa chumba kizima, na kabichi za kimchi za nyumba sita zimechachia humo mpaka ukifungua mlango unataka kutapika. Yule Bwana Ma wa dirishani, muuza pampu, alikuwa anatema makohozi kwenye kikombe cha karatasi na kukiweka juu ya kabati, karibu na mkate wa jirani. Nilikihamisha mara ya kwanza. Mara ya pili nilikiangalia tu, nikageukia ukutani.

Na wageni ndio balaa lenyewe. Wanaingia makundi makundi kuonyesha sura, maana asiyeonekana hospitalini kesho atasemwa. Kwaya ya kanisa la yule dereva wa teksi wa kitanda cha jirani ilikuja ikaimba nyimbo nne, madirisha yamefungwa. Mdogo wako Jong-pil alikuja na kreti ya juisi, akapiga picha amemshika Baba mkono, akamtumia bosi wake, akaondoka kabla juisi haijafunguliwa. Wewe angalau ulifanya kazi. Ulimlisha Baba uji kijiko kwa kijiko, ukaupuliza, na uliobaki ukaula wewe kwa sababu kwenu punje haitupwi. Bwana Ma alipokuomba dua ulimshika mikono yote miwili. Niliona, na wakati ule nilisema moyoni, huyu ndiye mtu pekee katika ukoo huu.

Juzi Bwana Ma aliondolewa na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni. Kitanda kikapuliziwa dawa. Hakuna aliyetuambia kitu. Ukutani wamebandika tangazo la ugonjwa mpya wa mapafu uliotoka Arabuni, linatushauri tujiepushe na ngamia. Mke wa dereva wa teksi amesema yeye ngamia amemwona kwenye pakiti ya sigara tu, je, aache kuvuta? Tulicheka, wifi. Tulicheka na huku tunakohoa.

Kaka yako anataka kumhamishia Baba hospitali kubwa ya Seoul. Anasema mtoto wa kwanza hawezi kuacha baba yake afie hospitali ya mjini kwetu, watu watasemaje.

Wako,
Pyo Sun-deok

*

Hekalu la Songjeokam, Hamyang, 5 Juni

Wifi mkubwa,

Barua yako nimeipata kutoka kwa mtawa msimamizi, ambaye aliitazama bahasha kwa muda kama vile inanuka. Kipindi cha kutawa kimeanza Jumatatu. Tunakaa ukumbi mmoja tukielekea ukuta, hatusemi, na usiku tunalala mstari mmoja kwenye sakafu ile ile, bega kwa bega. Kuna waliongoja miaka kupata mkeka katika ukumbi huu.

Nakuomba usiwachukie wageni. Kila anayeingia chumba cha mgonjwa ameleta alichonacho, hata kama ni kreti ya juisi. Jong-pil ni mtu wa mjini, hajui kukaa. Na kaka akitaka kumpeleka Baba Seoul, mwache. Ana deni la malezi, na kila mtu hulipa kwa namna anayoijua.

Hasira zako zinakuunguza wewe kabla ya wengine. Unapochukizwa, hesabu pumzi zako mpaka chuki ipite.

Namkumbuka Baba. Ukimsugua miguu anza na wa kushoto, ndio unaopata baridi.

Hyegak

*

Nyumbani, karantini, 9 Juni

Wifi,

Barua yako ya kuniagiza nihesabu pumzi nimeikuta nyumbani. Nilikuwa nimeshazihesabu kwenye idara ya dharura ya Seoul, na kila moja ilikuwa na harufu ya makohozi ya baba yako.

Sikiliza nilivyoyaona. Ijumaa kaka yako alimtoa Baba hospitali ya kwetu kwa kusaini mwenyewe. Ndani ya gari alichukua mkasi akakikata kikuku cha hospitali mkononi mwa Baba, akakitupa dirishani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wakijua tumetoka pale hawatatupokea, tayari watu wananong'ona juu ya ile hospitali. Tulipofika, msajili akauliza kama mgonjwa amelazwa mahali pengine hivi karibuni. Kaka yako, mzee wa kanisa lake, akamtazama machoni akajibu kwamba tumetoka nyumbani moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika blanketi, na nilinyamaza.

Vitanda havikuwepo. Tulikaa siku mbili ukumbini, kati ya machela na machela, watu wamebanana, kila mtu anasubiri kupanda juu wodini kwa sababu hospitali kubwa ndiyo hospitali. Baba alikohoa upande wa kushoto, kulikuwa na bibi mmoja mwenye moyo mbovu. Nikamgeuza akakohoa upande wa kulia, kulikuwa na mama mjamzito. Mwishowe nilimgeuza kwangu. Yule bibi alinionea huruma, akanipa nusu ya kiazi chake cha kuchoma, na mimi nikakipokea kwa mkono uliotoka kumfuta Baba mdomo, nikamshukuru.

Jumapili serikali ikataja majina ya hospitali zenye ugonjwa. Televisheni ya ukumbini ikayasoma moja moja. Ya kwetu ilikuwa ndani. Na blanketi alilofunikwa Baba, ambalo mimi mpumbavu nililibeba ili asipate baridi njiani, lina jina la hospitali yetu limefumwa kwa herufi za bluu kubwa kama mkono. Binti wa yule bibi alisoma blanketi, akatazama televisheni, akasoma blanketi tena. Hakupiga kelele. Alianza kuisukuma machela ya mama yake kwa kurudi nyuma, taratibu, na mwenye machela iliyofuata naye akaanza, mpaka tukabaki peke yetu katikati ya ukumbi uliokuwa umejaa watu. Sijawahi kutazamwa vile. Na wifi, walikuwa na haki.

Sasa Baba yuko chumba cha peke yake, amewekewa mashine ya kupumulia. Mimi na kaka yako tumefungiwa nyumbani, yeye chumba chake, mimi changu, tunasemezana kwa simu kupitia ukuta mmoja. Ofisa wa mtaa anatuletea mchele na maji mlangoni. Barua zangu anazipulizia dawa kabla ya kuziposti, kwa hiyo usishangae wino ukiwa umetapakaa.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mpelelezi wa idara ya afya alinipigia, mwanamke mwenye sauti iliyokauka kwa kusema kutwa. Alitaka jina la kila mtu aliyeingia chumba kile cha vitanda sita. Kaka yako alikuwa ameshanipigia kabla yake. Alisema, "Jong-pil usimtaje, mwezi huu anapandishwa cheo. Na dada usimtaje, utalifungisha hekalu, tutachekwa mpaka kaburini." Nikawataja wanakwaya. Nikamtaja hata mleta magazeti. Nyinyi wawili sikuwataja. Alipouliza kama ni hao tu, nilisema ni hao tu, na sauti yangu haikutikisika hata kidogo. Najichukia kwa hilo kuliko kwa blanketi.

Niambie ukweli. Una homa? Ukiwa nayo, hata kidogo, nitampigia tena leo hii.

Sun-deok

*

Songjeokam, 12 Juni

Wifi mkubwa,

Sina homa. Nina kikohozi kidogo cha vumbi la milimani, kila kiangazi hunipata.

Hata hivyo, baada ya kusoma barua yako nimeomba kufungiwa. Hapa tuna chumba cha mtawa anayetaka kujitoa kabisa. Mlango unafungwa kwa kufuli nje, na chakula kinapitishwa kidirishani mara moja kwa siku. Nilimwambia mkuu wa hekalu nataka kutawa humo kwa ajili ya Baba. Alinitazama akatokwa na machozi, akasema tangu afariki mtangulizi wake hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo usiogope, kati yangu na wenzangu kuna ukuta wa mawe. Nimeyamaliza bila kumdhuru mtu na bila kulifunga hekalu. Usimpigie yule mpelelezi. Wanawake hawa wameacha waume, watoto, majina yao, ili wakae miezi hii mitatu. Siwezi kuwa mimi wa kuwaondoa mikekani kwa sababu ya kikohozi.

Nilichokosa ni hamu ya kula tu. Lakini anayenihudumia ni Sunim Jaun, mpishi wetu, na kwake hakiharibiki kitu. Ni mzee kuliko sisi sote na ana macho mabovu, kwa hiyo huweka uso karibu na kidirisha ili anione. Ninachokiacha bakulini anakimaliza yeye pale pale, amesimama, kisha anatia maji, anasuuza kwa kidole na kuyanywa. Anasema makombo ya aliyefungiwa yana baraka, anawaonea huruma wanaokula chakula kipya. Nimemcheka leo kwa mara ya kwanza tangu niingie.

Baba anaendeleaje? Mwambie niko naye.

Hyegak

*

Nyumbani, karantini, 15 Juni

Hyegak,

Baba yako amefariki jana. Nakuandikia kavukavu hivyo kwa sababu sina namna nyingine. Walimtia kwenye mifuko miwili, wakamchoma siku ile ile. Hakuna aliyemvika nguo ya katani, hakuna aliyemlilia kwa sauti. Kaka yako alimuaga kwa kuangalia kioo cha simu, na kule hospitalini simu ya pili imeshikwa na mtu mwenye glavu. Kisha akanipigia kupitia ukuta, akaniuliza kama watu watatuma rambirambi ilhali hakuna matanga.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika leo asubuhi. Nilifika pale penye bakuli nikakimbilia chooni, nikatapika. Sisemi kwa mfano. Nilitapika uji wa serikali.

Unajua mimi nimefanya nini ndani ya chumba hiki wiki nzima? Nimewapigia wake wa kibenchini, mmoja mmoja. Bwana Ma, wa dirishani, mwanzo wa yote, amekufa. Dereva wa teksi, mwenye sukari, amekufa. Mwalimu mstaafu aliyekuwa anasafishwa damu kwa mashine hakufika hata wiki. Mkulima wa kitanda cha mlangoni yuko mahututi, na mkewe aliyelala chini yake yuko chumba cha pili naye anapumulia mashine. Yule kijana aliyevunjika mguu alipata homa ya siku mbili, sasa anadai kuku wa kukaanga na kulalamikia intaneti. Ugonjwa huu unachagua, wifi. Kijana anaukohoa unapita. Mzee unamkalia kifuani, na mwenye sukari au figo mbovu haumpi hata nafasi ya kuaga. Bibi wa kiazi sijui yuko wapi, namba yake sina, na nimeshukuru kwamba sina.

Sasa niambie, huyo Sunim Jaun ana umri gani? Ana sukari? Anaweka uso kwenye kidirisha ili akuone, wewe unakohoa, kisha anakula mate yako na kuyasuuzia maji akayanywa, na wewe unaniandikia kwamba ni baraka. Umeniambia hapo mwanzo nisichukizwe. Nimechukizwa. Nimechukizwa na blanketi, na mkasi wa kaka yako, na picha ya Jong-pil, lakini hakuna kilichonitia kinyaa kama bakuli lako.

Nimepiga simu hekaluni. Sauti ya msichana mpole ikaniambia Sunim Hyegak hasumbuliwi, anatawa kwa nguvu mno, kikohozi chake kinasikika hadi uwanjani na watawa wanakwenda kuinama mlangoni kwake kila asubuhi. Nikamwambia ni mgonjwa, mtoeni, msimkaribie. Akasema ndugu wa watawa wote husema hivyo, kisha akanitakia amani akakata simu.

Kwa hiyo sasa hivi, nikimaliza mstari huu, nampigia yule mpelelezi. Nitawataja wewe na Jong-pil na blanketi na kikuku. Kaka yako amenisikia nikisema hivyo, ukuta ni mwembamba. Amesema, "Ukitoa jina moja la ukoo huu, usingoje kuitwa mke wangu." Nimemjibu aongee polepole, sijapata kalamu ya kuandika hilo.

Usile mbele ya yule mzee. Mwaga chakula chini. Mwaga, Hyegak, hata kama kwenu punje haitupwi.

Sun-deok

*

Songjeokam, 15 Juni

Wifi mkubwa,

Leo ni fupi. Mkono unachoka. Kikohozi kinapungua, usijali.

Jua linaingia kidirishani vizuri sana. Asubuhi nawasikia wenzangu wakiinama nje, viganja vyao vinagusa mawe.

Sunim Jaun leo hakuja, kaja mwingine. Wanasema amechoka, amejilaza jikoni karibu na jiko. Ni joto hili.

Hujaniambia kama Baba ameondolewa mashine. Wakikuruhusu kumwona, msugue miguu, kwanza wa kushoto. Na tafadhali, wifi, lile tulilokubaliana la kunyamaza, tulinyamazie. Siku zimebaki chache mpaka kila kitu kipite.

Hyegak

*

[Karatasi iliyopitishwa chini ya mlango, 17 Juni]

Mama wa nyumba,

Jong-pil amefungiwa nyumbani kwake, na ofisi yao nzima imefungwa kwa ajili yake. Bosi wake amemwambia asirudi. Hana homa, hana hata mafua, na wewe umemmaliza. Hekalu limeonyeshwa kwenye televisheni, magari meupe manne yanapanda mlima, na jina la dada limetajwa. Polisi nao wamenipigia kuhusu yale niliyosema kwa msajili wa Seoul. Nilisema vile kwa ajili ya Baba. Mtoto gani asingesema?

Karantini ikiisha nenda kwa ndugu zako. Mchele umeletwa, wako nimeuacha mlangoni.

Tak Jong-hwan

*

Hospitalini, Jinju, 9 Julai

Wifi Sun-deok,

Ni mara ya kwanza kuweza kukaa na kushika kalamu. Barua yako ya tarehe kumi na tano nilipewa hapa, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, wiki mbili baada ya wewe kuiandika. Kwa hiyo nilijua kifo cha Baba kutoka kwa nesi, ambaye alidhani najua.

Niliona walivyokuja. Walikata kufuli kwa mkasi mkubwa. Watawa walikuwa wamepiga magoti uwanjani, mkuu wa hekalu mbele, wakidhani nimemaliza safari yangu na sasa ninatolewa mtakatifu. Nilitolewa nimejikojolea, natema damu kidogo, na bado wawili watatu waliinama.

Wamewapima wote. Wawili waliugua, wamepona. Yule aliyelala jirani yangu zile siku za kwanza ni mmoja wao, alikuwa na homa na hakusema kwa sababu mimi sikusema. Wameambiwa kwamba kama ungechelewa kupiga simu siku nyingine tatu ukumbi mzima ungekuwa hapa. Sunim Jaun alifariki tarehe ishirini na tatu. Alikuwa na miaka sabini na sita na alikuwa na sukari. Uliuliza, ndilo jibu.

Nikuambie na lile ambalo hukuliuliza. Nilikuwa na homa siku niliyokuandikia kwamba sina. Niliipima kwa kiganja changu usiku nilipopokea barua yako, nikajua, na asubuhi nikaomba chumba. Nilijiambia ni kwa ajili ya wenzangu. Lakini walipoanza kuja kuinama mlangoni nilipenda, wifi. Nilikuwa nakohoa kwa nguvu zaidi nikisikia nyayo. Na nilipomwona yule mzee ananywa maji ya bakuli langu, nilijua Baba alivyoupata ugonjwa na mimi nilivyoupata, ningeweza kusema neno moja tu. Nikacheka. Na kabla ya hapo nilikuwa nimekuandikia wewe, uliyekuwa kibenchini, nikikufundisha kuhesabu pumzi.

Sasa najinusia mikono na hakuna sabuni inayosaidia. Nesi anasema ni dawa zinazobadilisha harufu. Najua si dawa.

Mkuu wa hekalu amekuja, akasimama nje ya kioo, tukazungumza kwa simu. Sunim Jaun alikuwa na binti kabla ya kunyoa, anaitwa Mi-ok, anauza samaki soko la Samcheonpo. Mkuu amemwandikia kwamba mama yake alifariki ameketi, akitabasamu, kwa uzee. Amesema na mimi niseme hivyo hivyo, kwa ajili ya faraja yake na jina la hekalu. Nilimwambia nitafikiri. Hata hapo, nilimwambia nitafikiri.

Sikuombi unisamehe. Naandika kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye sitaweza kumdanganya tena.

Hyegak

*

Kwa dada yangu, Cheonan, 13 Julai

Hyegak,

Vizuri kwamba huombi, kwa sababu sina. Msamaha wa mama wa mtu mwingine haumo mkobani mwangu.

Mimi niko kwa dada yangu, nalala sebuleni na wajukuu wake. Kaka yako amebadilisha namba ya siri ya kufuli la mlango. Alifanya kweli, jambo la nadra kwake.

Yule mpelelezi alinipigia kunishukuru. Nikamuuliza, kama ningekutaja siku ile ya kwanza, tarehe nane, Sunim Jaun angekuwa hai? Nikasikia watu wakiongea nyuma yake, simu nyingine zikilia. Akasema, "Mama, kuna mtu ananiita," akakata. Ni mwanamke mwema. Siku saba nzima, wifi. Wewe ulikuwa na kidirisha, mimi nilikuwa na simu, na sote wawili tulikuwa na midomo. Kila ninapotaka kukutemea mate nakumbuka hilo, nameza.

Kuhusu barua ya mkuu wenu, nimeisoma ile sehemu ya kutabasamu mara nyingi, na kila mara inanichefua zaidi. Yule mzee aliugua peke yake karibu na jiko, anatetemeka, watu wakisema ni joto. Binti yake yuko sokoni anapasua samaki huku anamwonea mama yake fahari. Kesho kutwa mtu mwingine wa Samcheonpo atasoma gazeti amwambie. Au hataambiwa kamwe, na sisi tutazeeka tukijua. La pili ndilo baya.

Hutafikiri. Nimekwishakata tiketi. Wakikuruhusu kutoka Jumatatu, Jumanne nitakungoja stendi ya Jinju, mlango wa mabasi ya Samcheonpo, asubuhi. Mimi nitaanza kusema, kwa sababu mimi ndiye niliyenyamaza kwanza, kisha utaendelea wewe kuanzia kwenye bakuli. Atufukuze, atumwagie maji ya samaki, ni haki yake, hatutajibu wala kueleza.

Usije na vazi la utawa. Nitakuletea gauni langu la kijivu na kofia ya kuficha kichwa. Akiona mtawa atainama, na sitaki atuinamie kabla hajatusikia.

Pyo Sun-deok